Miezi Ishirini na Miwili: Maamuzi ya Abraham Lincoln Wakati wa Vita

Hotuba hii ilitolewa mjini Unguja mbele ya walimu na wanafunzi wa historia. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Wazee wetu mliokaa safu ya mbele, walimu wenzangu, wanafunzi wapenzi, mabibi na mabwana: assalamu alaikum, na asanteni kwa kuja ijapokuwa mvua haijatupa nafasi tangu alasiri.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano aliniuliza swali dakika mbili kabla ya kengele, nami sikumjibu vizuri. Aliuliza: "Mwalimu, ikiwa Rais Lincoln aliuchukia utumwa kama unavyotuambia, kwa nini alikaa madarakani miezi ishirini na miwili ndipo akawaachia huru watumwa?" Alikuwa amehesabu mwenyewe, tangu tarehe 4 Machi 1861 Abraham Lincoln alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani, hadi tarehe 1 Januari 1863 alipotia saini Tangazo la Ukombozi. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ikipungukiwa na siku tatu tu. Jioni hii nimekuja kumlipa deni lake, tena mbele ya mashahidi, kwa sababu naamini kwamba mtu asiyeielewa miezi hiyo hawezi kuelewa uhuru ule ulipatikana vipi, wala ni nani hasa aliyeuleta.

Pengine mtauliza: sisi wa Unguja, vita vya Wamarekani vinatuhusu nini? Nitawajibu kwa neno moja ambalo bibi zetu walilijua vizuri: merikani. Ile shuka nzito isiyong'arishwa, iliyovaliwa kutoka hapa mpaka Tabora na Ujiji na kuhesabiwa kama fedha, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Georgia, Alabama na Mississippi. Merikebu za Salem ziliileta hapa, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Mtumwa wa kule alichuma pamba, na mtumwa wa hapa akaivaa akiwa juu ya mkarafuu. Vita vilipozuka kule, biashara ya Wamarekani ikadorora katika bandari yetu, enzi ya Sultani Majid, na nguo za Bombay na za Uingereza zikajipenyeza mahali pake. Mfanyabiashara wa Forodhani alikuwa na sababu ya kuuliza habari za vita hivyo hata kama hakujua ramani ya Marekani.

Sasa turudi kwa Lincoln mwenyewe. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watumwa 3,953,760 katika nchi hiyo. Lincoln alichaguliwa Novemba mwaka huo kwa chini ya asilimia 40 ya kura, na chama chake hakikuahidi kuufuta utumwa pale ulipokuwapo. Kiliahidi kuuzuia usienee katika nchi mpya za magharibi. Ahadi hiyo ndogo ilitosha kuwakasirisha wenye mashamba. South Carolina ilijitenga tarehe 20 Desemba 1860, na kabla Lincoln hajaapa majimbo saba yalikuwa yameunda serikali yao na rais wao, Jefferson Davis. Siku ya kuapishwa Lincoln alitamka waziwazi kwamba hakuwa na nia ya kuuingilia utumwa katika majimbo ulikohalalishwa. Nawaomba mlikumbuke neno hilo tunapoendelea, kwa kuwa mtu aliyelisema ndiye huyo huyo aliyekuja kulitengua.

Uamuzi wake wa kwanza ulihusu chakula. Kesho yake baada ya kuapishwa alipokea habari kwamba Ngome ya Sumter, iliyokuwa kisiwani mdomoni mwa bandari ya Charleston, ilikuwa karibu kuishiwa na akiba. Mawaziri wengi walimshauri aiache ngome hiyo. Majemadari walimwambia haiwezi kuokolewa. Akakaa wiki kadhaa akiwaza, kisha akachagua njia ambayo hakuna aliyemshauri mwanzoni: alimpelekea gavana wa South Carolina taarifa ya wazi kwamba anatuma vyakula peke yake, bila askari wala silaha, endapo meli hazitazuiwa. Mnaona ujanja na uadilifu vilivyokaa pamoja hapo? Aliwaachia waasi waamue kama watapiga mizinga ili wanaume wenye njaa wasipate chakula. Waliamua. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1861, saa kumi na nusu, mizinga ililia, na vita vilivyokuja kuua watu zaidi ya laki sita vikaanza.

Uamuzi wa pili siusifu, ila sina budi kuueleza, maana bila huo hatuwezi kuelewa kwa nini alingoja. Tazameni ramani: mji wa Washington umekaa baina ya Virginia na Maryland. Virginia ilikuwa inakwenda kwa waasi. Maryland ilikuwa jimbo la watumwa, na tarehe 19 Aprili umati wa Baltimore uliwashambulia askari waliokuwa wakipita kwenda kuulinda mji mkuu. Madaraja ya reli yakachomwa, nyaya za simu za maandishi (telegrafu) zikakatwa. Kwa siku kadhaa rais alikaa katika mji wake mkuu kama mtu aliyefungiwa chumbani. Ndipo akawaruhusu makamanda, kwenye njia ya reli kati ya Philadelphia na Washington, kumkamata mtu na kumweka ndani bila kumfikisha mbele ya jaji. Mtu mmoja, John Merryman, alikamatwa usiku nyumbani kwake. Jaji Mkuu Roger Taney akaandika kwamba Katiba imelipa Bunge uwezo huo, haikumpa rais. Rais hakutii.

Je, nani alikuwa na haki? Taney huyu ndiye aliyekuwa ameandika, mwaka 1857, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwa hiyo mioyo yetu haimwelekei. Lakini hoja ya mtu mbaya huweza kuwa nzuri, na mimi kwa upande wangu naona kwamba kwenye jambo hili Taney alisoma Katiba sawasawa. Lincoln alijitetea mbele ya Bunge tarehe 4 Julai kwa kuuliza: je, sheria zote ziachwe bila kutekelezwa, na serikali yenyewe isambaratike, ili sheria moja tu isivunjwe? Ni swali zito. Kila mtawala anayetaka kuwafunga wapinzani wake hulitumia, na ndiyo sababu mwalimu hapaswi kulipitisha haraka darasani. Linalomtofautisha Lincoln na wengi waliokuja baada yake ni kwamba alilipeleka jambo hilo Bungeni, ambalo hatimaye lilitunga sheria mwaka 1863, na kwamba katikati ya vita vyenyewe aliuacha uchaguzi ufanyike ingawa alidhani atashindwa. Tutaufikia uchaguzi huo.

Sasa tunakaribia swali la mwanafunzi wangu. Majimbo manne ya watumwa hayakujitenga: Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri. Lincoln aliyaogopa kama mtu anayevuka mto kwa daraja la miti iliyooza. Jenerali John Frémont alipotangaza Agosti 1861 kwamba watumwa wa waasi wa Missouri wako huru, Lincoln alimwomba airekebishe amri yake. Jenerali akakataa mpaka aamriwe hadharani, naye rais akamwamuru hadharani. Mwezi Mei 1862 Jenerali David Hunter akatangaza uhuru katika South Carolina, Georgia na Florida, na rais akaifuta amri hiyo pia. Alimwandikia rafiki yake kwamba kuipoteza Kentucky ni karibu sawa na kuupoteza mchezo wote. Hii ndiyo sababu iliyomo vitabuni, na ni ya kweli. Lakini ningekoma hapo, mngedhani kwamba muda wote huo watumwa walikuwa wamekaa wakisubiri rais amalize hesabu zake.

Hawakukaa. Nataka niwachukue mpaka Virginia, mahali panapoitwa Ngome ya Monroe, kwenye ncha ya nchi kavu inayotazama bahari. Mahali hapo ndipo mwaka 1619 ilipofika merikebu iliyokuwa na Waafrika ishirini na kidogo waliotekwa Angola. Usiku wa tarehe 23 Mei 1861 wanaume watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliiba mashua wakavuka maji kuelekea ngome hiyo, iliyokuwa bado mikononi mwa serikali. Bwana wao, Kanali Charles Mallory wa jeshi la waasi, alikuwa amewapeleka kujenga sehemu ya mizinga ng'ambo ya pili, mizinga ambayo ingeelekezwa kwenye ngome ile ile. Tena walikuwa wamesikia kwamba watahamishiwa kusini, mbali na jamaa zao. Hawakujua watapokewaje. Sheria ya nchi, tangu mwaka 1850, iliamuru mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake, na rais aliyekuwa Washington alikuwa ameahidi kuitii sheria.

Asubuhi wakafikishwa mbele ya kamanda, Benjamin Butler, ambaye kabla ya vita alikuwa wakili. Kisha akaja afisa wa waasi na bendera nyeupe, akadai watu hao kwa niaba ya kanali. Butler alimjibu kwa hoja ya wakili: Virginia inadai kuwa imekuwa nchi ya kigeni, basi sheria ya Marekani ya kurudisha watoro haiwezi kutumika kwa nchi ya kigeni. Mnasema watu hawa ni mali? Vyema. Mali inayotumiwa na adui vitani hutekwa. Watu hawa ni ngawira, nami nitabaki nao. Kama kanali anawataka, na aje kula kiapo cha utii kwa Marekani.

Neno hilo, ngawira, ni neno chungu. Linamwita mtu kitu. Lakini tazameni lilivyofanya kazi. Serikali ya Lincoln ilimkubalia Butler kabla ya mwezi kwisha. Siku chache baada ya wale watatu wakaja makumi wengine, safari hii wanawake na watoto wamo, na mwishoni mwa Julai walikuwa wapata 900. Tarehe 6 Agosti Bunge likapitisha sheria ya kuwachukua watumwa waliotumiwa kijeshi na waasi. Mwezi Machi 1862 likawakataza maafisa wa jeshi kumrudisha mtoro yeyote. Kila sheria ilikuja ikiifuata miguu ya watu waliokwisha kutembea. Nani aliyeanza? Rais? Bunge? Jenerali? Walianza watu watatu ndani ya mashua ya wizi, usiku, wasiojua watapokewaje.

Basi, katika masika ya 1862, Lincoln alijaribu njia ya fidia. Tarehe 16 Aprili alitia saini sheria iliyowaacha huru watumwa wa mji wa Washington, takribani 3,100, na mabwana wakalipwa hadi dola 300 kwa kila mtu. Sisi hapa tunaijua hesabu ya namna hii. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoondoa utumwa kisheria katika Unguja na Pemba nayo ilimpa fidia bwana, na mtumwa ikambidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Kule na huku, aliyefanya kazi maisha yake yote bila ujira hakuandikiwa hata senti moja kwenye daftari la malipo. Lincoln aliwaomba wabunge wa majimbo manne ya mpakani wakubali mpango wa fidia. Tarehe 12 Julai aliwaita nyumbani kwake akawasihi, akawaonya kwamba utumwa utasagika wenyewe kwa msuguano wa vita, na wasipouza sasa watakosa cha kuuza. Wengi wao wakakataa.

Kesho yake, ndani ya gari la farasi akienda kwenye maziko ya mtoto mchanga wa Waziri wa Vita, aliwaambia mawaziri wawili aliokuwa nao kwamba amekata shauri: watumwa wataachiwa huru kwa amri ya kijeshi. Wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa na desturi ya kwenda katika ofisi ya simu za maandishi ya Wizara ya Vita, akakaa kwenye meza ya mkuu wa ofisi. Mkuu huyo alisimulia baadaye kwamba rais alikuwa akitazama nje ya dirisha muda mrefu, akaandika mstari mmoja au miwili, akanyamaza tena. Na alipoondoka aliziacha karatasi zifungiwe ndani ya mtoto wa meza, akazirudia kesho yake. Napenda sana picha hiyo. Nyumbani kwake kulikuwa na watu kila saa wakidai kazi, misamaha na vyeo; akaenda kuuandika uhuru wa watu milioni kadhaa mahali zinapofika habari za waliokufa.

Tarehe 22 Julai aliisoma rasimu mbele ya Baraza la Mawaziri. William Seward, Waziri wa Mambo ya Nje, akamshauri aiweke mpaka jeshi lipate ushindi, maana baada ya kushindwa karibu na Richmond, mji mkuu wa waasi, dunia ingedhani ni ukelele wa mwisho wa mtu anayekimbia. Lincoln akaiweka. Na hapa, mwanafunzi wangu, sehemu ya mwisho ya miezi yako ishirini na miwili ndiyo ngumu kuliko zote kwangu mimi. Kwa sababu akiwa na rasimu hiyo imefungiwa, mwezi Agosti, alimwandikia mhariri mmoja wa New York kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani bila kumwacha huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Na tarehe 14 ya mwezi huo huo aliwaita Waafrika watano wa Washington, akawaambia kwamba lau si kuwapo kwa watu wa rangi yao, vita visingekuwapo, na akawataka wakubali kuhamia ng'ambo. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara yananichoma. Waliofanywa watumwa ndio walioambiwa kuwa wao ni chanzo. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa na akawa msemaji mkuu wa watu wake, aliyajibu kwa hasira katika gazeti lake, na hasira yake ilikuwa ya haki. Wapo wanaosema rais alikuwa anawatayarisha wazungu kimawazo. Labda. Waliokuwa chumbani mle hawakuwa wazungu.

Tarehe 17 Septemba majeshi mawili yalikutana kwenye kijito cha Antietam, Maryland. Jioni ilipofika watu wapata 23,000 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Siku moja tu! Jeshi la waasi likarudi Virginia. Lincoln aliwaambia mawaziri wake kwamba alikuwa ameweka nadhiri kwa Mungu: adui akifukuzwa kutoka Maryland, atalitoa tangazo. Tarehe 22 Septemba akalitoa, akiwapa waasi siku mia moja warudi katika Muungano. Hawakurudi.

Siku ya Mwaka Mpya 1863 Ikulu ilikuwa wazi kwa wageni kama ilivyokuwa desturi, na rais alisimama saa tatu akipeana mikono. Alipokaa kutia saini, mkono ulikuwa umevimba na kutetemeka. Akaiweka kalamu chini. Akawaambia waliokuwapo kwamba kama jina lake litaingia katika historia, litaingia kwa tendo hili, na nafsi yake yote imo ndani yake, lakini mkono ukitetemeka, watakaoitazama hati hiyo baadaye watasema, "Alisita." Kisha akaishika kalamu tena, akaandika polepole jina lake lote, Abraham Lincoln, wakati desturi yake katika barua ilikuwa kuandika "A. Lincoln" tu.

Wako wanaosema tangazo hilo halikumfungua mtu. Hoja yao ni kwamba liligusa majimbo ya waasi tu, na likaacha nje Tennessee, sehemu za Louisiana na Virginia, na yale majimbo manne. Hilo ni kweli, na sababu yake ni ya kisheria: alitumia mamlaka ya Amiri Jeshi Mkuu, ambayo humruhusu kumnyang'anya adui nguvu zake, wala hayamruhusu kuwanyang'anya raia watiifu. Lakini kwamba halikumfungua mtu? Siku ile ile, katika visiwa vya South Carolina vilivyokwisha kutekwa, maelfu ya watu weusi walikusanyika chini ya miti mikubwa kusikiliza likisomwa. Bendera ilipopepea, sauti ya mzee mmoja, iliyokauka, ikaanza kuimba wimbo wa nchi. Wanawake wawili wakaipokea. Kisha wote wakaimba, bila kuamriwa na mtu, na kanali wa kizungu aliyekuwa jukwaani akawanyamazisha wazungu waliotaka kuitikia, ili wimbo ule uwe wao peke yao. Niambieni, wale hawakufunguliwa?

Tangazo lilikuwa na jambo la pili, ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa sawa na la kwanza: liliwaruhusu watu weusi kuandikishwa jeshini. Wapata 179,000 waliingia jeshi la nchi kavu na maelfu wengine jeshi la majini. Walilipwa dola 10 kwa mwezi, tatu kati ya hizo zikikatwa kwa ajili ya nguo, wakati mzungu alipata 13 bila kukatwa. Askari wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, waliokwisha kuacha damu yao kwenye kuta za Ngome ya Wagner ya waasi, walikataa kupokea mshahara huo pungufu hata kidogo, huku familia zao zikiteseka, mpaka Bunge liliposawazisha mishahara Juni 1864. Hapo tena mtaona mpangilio ule ule: wanyonge husukuma kwanza, na serikali hufuata.

Wazungu wengi wa Kaskazini walinung'unika kwamba hawatapigana vita vya kuwakomboa weusi. Agosti 1863 Lincoln aliwajibu kwa barua iliyosomwa hadharani katika mji wake wa Springfield: ninyi mnasema hamtapigana ili kuwakomboa; baadhi yao wanaonekana wako tayari kupigana kwa ajili yenu. Akaendelea kwamba watu weusi, kama watu wengine, hutenda kwa sababu. Wakiweka maisha yao rehani kwa ajili yetu ni lazima wasukumwe na sababu kubwa kupita zote, ambayo ni ahadi ya uhuru. Na ahadi ikishatolewa, lazima itimizwe. Wazee wetu, sisi tunayo maneno matatu kwa hilo: ahadi ni deni.

Deni hilo lilikuja kudaiwa mwaka mmoja baadaye, na kwangu mimi Agosti 1864 ndipo ulipo uamuzi mkubwa kupita wote, ijapokuwa hauna sherehe wala sikukuu. Jeshi la Jenerali Grant, kamanda mkuu wa majeshi ya serikali, lilikuwa limepoteza watu zaidi ya 50,000, waliokufa, kujeruhiwa na kutekwa, katika wiki chache za Mei na Juni huko Virginia. Nchi ilichoka. Viongozi wa chama chake walimjia wakisema utashindwa uchaguzi, waambie waasi kwamba tunataka Muungano tu, suala la utumwa tutalizungumza baadaye. Tarehe 23 Agosti aliandika karatasi fupi kwamba inaelekea sana hatachaguliwa tena, akaikunja, akaigandisha, akawataka mawaziri watie saini nyuma yake bila kuisoma. Kesho yake akaandika rasimu ya kumtuma mjumbe kwa waasi kupendekeza hivyo hasa: Muungano urudi, vita vikome, na mambo mengine yote yaamuliwe kwa amani.

Mambo mengine yote! Mnaelewa maana yake? Watu milioni kadhaa walikuwa ndani ya maneno hayo matatu. Rasimu iliandikwa, na ipo mpaka leo. Lakini tarehe 25, baada ya kukaa na mawaziri na mjumbe mwenyewe, hakuna aliyetumwa. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amewaambia wageni wawili kwamba kuna watu waliomshauri awarudishe utumwani wapiganaji weusi wa Port Hudson na Olustee ili kuwaridhisha wa Kusini. Akasema angelaaniwa duniani na akhera kwa kufanya hivyo. Aliyavulia maji nguo, na akaamua kuyaoga, akiamini kwamba yatamzamisha. Juma lile lile alimwita Douglass, yule yule aliyemkaripia gazetini miaka miwili nyuma, akamwomba atengeneze mpango wa kuwatorosha watumwa wengi iwezekanavyo kabla serikali haijabadilika. Rais wa nchi anamwomba mtoro wa zamani amfundishe namna ya kutorosha watu. Tangu Ngome ya Monroe mpaka hapo ni miaka mitatu na miezi mitatu.

Mji wa Atlanta ulianguka tarehe 2 Septemba, upepo ukageuka, na Novemba akachaguliwa tena kwa kura 212 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 21. Alijua kwamba tangazo la kijeshi linaweza kubatilishwa na mahakama vita vikiisha, kwa hiyo aliwabana wabunge mmoja mmoja mpaka tarehe 31 Januari 1865 Baraza la Wawakilishi likapitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba, kura 119 kwa 56, kuufuta utumwa nchi nzima. Hati ilipoletwa kwake alitia saini, ingawa Katiba haihitaji saini ya rais katika jambo hilo.

Nimalizie na usiku wa tarehe 11 Aprili 1865. Jeshi kuu la waasi lilikuwa limesalimu amri siku mbili kabla. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa Ikulu wakitaka hotuba ya shangwe, naye akatokea dirishani, mtu mmoja akimmulikia kwa mshumaa, akawasomea hotuba kavu juu ya namna ya kuyarudisha majimbo ya Kusini. Kila ukurasa alipoumaliza aliuacha uanguke, na mwanawe mdogo Tad akaziokota karatasi sakafuni. Katika mojawapo ya kurasa hizo alisema kwamba yeye angependa watu weusi wenye elimu, na wale waliotumikia jeshini, wapewe haki ya kupiga kura. Hakuna rais aliyekuwa ametamka hivyo hadharani kabla yake. Chini, katika umati, alisimama mwigizaji mmoja aitwaye John Wilkes Booth. Aliposikia maneno hayo alimwambia mwenzake kwamba hiyo maana yake ni uraia kwa weusi, na kwamba hotuba hiyo itakuwa ya mwisho. Siku tatu baadaye alimpiga risasi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwanafunzi wangu namwona kule nyuma ameinua mkono. Na aanze yeye.